Kamba za Ulingo Usio na Mabondia

Mara ya kwanza nilipoitazama kazi ya video ya msanii Paul Pfeiffer iitwayo The Long Count, nilidhani mitambo imeharibika. Skrini ilikuwa ndogo kiasi kwamba kiganja cha mkono kingeweza kuifunika, nayo ilikuwa imeshikizwa kwenye ncha ya fimbo ya chuma iliyochomoza ukutani, hata ikanibidi nisogee kama mtu anayechungulia kwenye tundu la mlango. Niliona ulingo wa ndondi, nikaona kamba zake na umati uliojaa nyuma yake, lakini mabondia sikuwaona. Msanii alikuwa amewafuta, picha moja baada ya nyingine, kutoka katika mapambano matatu ya Muhammad Ali: lile la Miami dhidi ya Sonny Liston mwaka 1964, lile la Kinshasa dhidi ya George Foreman mwaka 1974, na lile la Manila dhidi ya Joe Frazier mwaka 1975. Pale walipokuwa wamesimama pamebaki kitu kama mvuke wa maji yachemkayo, kitu kinachoyumba na kuupinda kidogo umati ulio nyuma yake, na kamba zinazonesa bila kuguswa na yeyote.

Nilirudi mara tatu kutazama kamba za Kinshasa. Yeyote anayelijua pambano lile anajua kwamba Ali alilishinda kwa kuziegemea kamba hizo, raundi baada ya raundi, huku akimwacha Foreman atwange hadi mikono imwishie nguvu, kisha akamwangusha katika raundi ya 8. Kamba zilibeba uzito wa mapigo yote yale, na katika miaka mingi ya kuitazama kanda hiyo sikuwahi kuziangalia hata siku moja. Macho yangu yalikuwa kwa Ali. Ilibidi Ali aondolewe ndipo nione kazi iliyokuwa ikifanyika nyuma ya mgongo wake.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikizifuatilia kazi za sanaa ya kisasa zilizochota maji katika kisima cha michezo, na nimejikuta nikizipima zote kwa swali moja: je, msanii huyu ameninyima nini? Kwa maana kazi zinazonikaa moyoni karibu zote ni zile zinazomnyima mtazamaji kitu alichokijia uwanjani, kiwe ni mpira, mpinzani, bao au matokeo. Zile zinazompa kila kitu, bingwa akiwa amenyanyua kombe na misuli ikiwa imetuna, naziheshimu kwa ufundi wake na kuzisahau kabla ya kufika mlangoni.

Lugha yetu haikuweka ukuta kati ya uwanja na jukwaa. Anayecheza ngoma anacheza, anayecheza mpira anacheza, na waigizaji wakipanda jukwaani tunasema wanaonyesha mchezo. Methali isemayo mcheza kwao hutunzwa ilizaliwa kwenye ngoma, lakini leo husemwa juu ya mshambuliaji anayefunga katika uwanja wa nyumbani na hakuna anayeshangaa. Hata hivyo, ngoma nzuri tutaiomba irudiwe, na tamthilia nzuri tutaitazama tena ilhali tunajua nani atakufa mwishoni. Mechi ya jana, matokeo yake yakishajulikana, ni wachache wenye hamu ya kukaa nayo dakika zote 90. Matokeo huifunga mechi kama kifuniko kifungavyo chungu. Msanii anayetaka kuingia ndani ya mchezo hana budi kutafuta namna ya kukifunua kifuniko hicho.

Kwamba jambo hili si rahisi, historia ya Olimpiki inashuhudia. Kuanzia Stockholm mwaka 1912 hadi London mwaka 1948, medali za Olimpiki zilitolewa pia kwa usanifu wa majengo, fasihi, muziki, uchoraji na uchongaji, kwa sharti kwamba kazi iwe imetokana na michezo. Wazo lilikuwa la Pierre de Coubertin, mwasisi wa Olimpiki ya kisasa, mtu aliyeamini kwa dhati kwamba mwili na akili havipaswi kutenganishwa. Mwaka 1924 mchoraji Jack Butler Yeats alipata medali ya fedha kwa mchoro wa mashindano ya kuogelea katika mto Liffey, na hiyo ndiyo medali ya kwanza ya Olimpiki ya taifa la Ireland. Mashindano hayo yalikufa baada ya 1948, sababu kubwa ikiwa ni kwamba wasanii huishi kwa kuuza kazi zao, wakati Olimpiki ya enzi hizo ilitaka washiriki wa ridhaa tu. Nadhani kulikuwa na kasoro nyingine ya ndani zaidi. Msanii aliyeagizwa kusifu michezo huwa amekwisha kufungwa mikono, na sehemu kubwa ya kazi zilizoshinda medali hizo leo hazikumbukwi na mtu. Mchoro wa Yeats umebaki, na ukiutazama utaona ni kwa nini: umejaa migongo na kofia za watu wanaoinama ukingoni, na waogeleaji wenyewe ni wadogo mno.

Andy Warhol naye alichora wanamichezo 10 mwaka 1977, Ali na Pelé wakiwamo, akawatendea kama alivyowatendea nyota wa filamu. Alikuwa mkweli kuhusu alichokuwa akikifanya, nami nitapita.

Kazi ninayotaka kukaa nayo ni filamu ya Douglas Gordon na Philippe Parreno juu ya mwanasoka wa Ufaransa Zinédine Zidane, iliyotoka mwaka 2006. Tarehe 23 Aprili 2005, katika uwanja wa Santiago Bernabéu, Real Madrid walicheza na Villarreal, na wasanii hao wawili wakaweka kamera 17 kuuzunguka uwanja, zote zikimfuata mchezaji mmoja tangu filimbi ya kwanza. Wazo hilo halikuwa jipya kabisa, kwa kuwa Mjerumani Hellmuth Costard alikwisha kumfuata George Best kwa namna hiyo katika mechi ya Manchester United na Coventry City ya mwaka 1970. Lakini Gordon na Parreno waliongeza ukaribu unaokera na sauti inayovutwa mara masikioni, mara mbali. Unasikia pumzi. Unasikia njumu zikikwaruza majani. Kisha umati wa maelfu unarudi kama bahari, halafu unazimwa.

Mtu aliyezoea kutazama soka kwenye televisheni hupata taabu katika nusu saa ya kwanza, nami niliipata. Kamera ya televisheni hufuata mpira, na kwa hiyo humwonyesha mchezaji pale tu anapokuwa na kazi. Filamu hii inamfuata mtu, na mtu huyo muda mwingi hana mpira. Zidane anatembea. Anatema mate, anafuta jasho, anaburuta ncha ya kiatu kwenye majani kama mtoto aliyetumwa dukani na hana haraka. Anatazama upande ambao sisi hatuonyeshwi. Kisha ghafla, kwa sekunde nne au tano, mwili wote unawaka, mguu unafanya jambo ambalo hata ukirudia kanda hulielewi, mpira unaondoka nje ya picha, naye anarudi kutembea. Nilicheza kama golikipa wa akiba katika ujana wangu, cheo ambacho kazi yake kubwa ni kuvaa glavu na kukaa, na sikuwahi kuona kazi ya sanaa iliyoelewa vizuri hivyo kwamba mchezo kwa sehemu kubwa ni kungoja. Filamu ilipomalizika sikuweza kukumbuka nani alishinda. Nakumbuka tu kwamba karibu na mwisho Zidane aliingia katika ugomvi uliozuka, akaonyeshwa kadi nyekundu, akatoka.

Martin Creed aliugusa ukweli huohuo kwa njia nyepesi zaidi mwaka 2008, alipopanga wakimbiaji wapite mmoja mmoja kwa kasi yao yote katika kumbi ndefu za jumba la sanaa la Tate Britain jijini London, kila baada ya sekunde 30. Mkimbiaji anapita kama upepo, kisha kunakuwa na kimya, na kimya hicho ni sehemu ya kazi sawasawa na mbio zenyewe. Wageni walisimama mbele ya michoro ya kale huku masikio yakiwa nyuma.

Wiki chache tu baada ya filamu ya Zidane kuonyeshwa, tarehe 9 Julai 2006, ilikuja fainali ya Kombe la Dunia mjini Berlin, na katika muda wa nyongeza Zidane alimpiga beki wa Italia, Marco Materazzi, kichwa kifuani. Kadi nyekundu nyingine, na safari hii ilikuwa mechi ya mwisho ya maisha yake ya soka. Italia walishinda kwa penalti. Tukio hilo moja limezaa kazi za sanaa zinazopingana kabisa, na ukiziweka pamoja unapata somo zima la jambo ninalolisema.

Ya kwanza ni ya Harun Farocki, iliyoonyeshwa mwaka 2007 katika maonyesho ya documenta mjini Kassel. Farocki aliichukua fainali yote na kuigawa katika skrini 12 zinazokwenda sambamba. Skrini moja inaonyesha mechi kama ilivyorushwa hewani, nyingine inaonyesha nyuso za makocha, nyingine kamera za ulinzi za uwanja, na nyingine nyingi zinaonyesha mechi ileile ikiwa imegeuzwa kuwa mistari, vidoti na takwimu, mchezaji akiwa alama inayosogea huku programu ikihesabu kasi yake na pasi zake. Kichwa cha Zidane kimo mle, lakini kimezama. Katika skrini za vidoti, alama moja inakaribia nyingine, kisha alama moja inapungua uwanjani. Kwa mashine, hasira haina rangi. Sijawahi kuona maelezo makali zaidi ya jinsi michezo inavyotazamwa siku hizi, kwa sababu vidoti vile vilivyokuwa mali ya wataalamu wachache mwaka 2006 sasa viko mbele ya kila shabiki mwenye simu.

Ya pili ni ya Adel Abdessemed, sanamu ya shaba yenye kimo cha zaidi ya mita 5, Zidane akiwa ameinama na Materazzi akirudi nyuma kwa pigo, iliyosimamishwa mwaka 2012 mbele ya jumba la sanaa la Centre Pompidou jijini Paris. Kwa kipimo changu mwenyewe sanamu hii ilipaswa kunichosha, maana haimnyimi mtazamaji chochote: inampa tukio lote, na inampa kwa ukubwa wa nyumba. Ila kuna kitu imekiondoa, nacho ni ushindi. Sanamu za wanamichezo mbele ya viwanja huwa zinasimamisha siku ya furaha. Hii imesimamisha siku ya aibu, ikamfanyia shujaa kwa kosa lake kile ambacho miji hufanyia watu wao kwa mema yao. Mwaka 2013 ilipelekwa Doha na kuwekwa barabarani kando ya bahari, na baada ya wiki chache iliondolewa kutokana na malalamiko, baadhi wakisema inatukuza ugomvi na wengine wakisema ni kama sanamu ya kuabudiwa. Mwaka 2022, Qatar ikiwa inajiandaa kuwa mwenyeji wa Kombe la Dunia, ilitangazwa kwamba itarudishwa, sasa ndani ya makumbusho ya michezo. Naona malalamiko yale yalikuwa uhakiki mzuri kuliko mengi yaliyoandikwa magazetini. Watu walielewa kwamba shaba ni nyenzo ya sifa, na wakauliza kwa haki kabisa: sifa ya nini?

Pfeiffer aliirudia fainali nyingine, ile ya mwaka 1966 kati ya Uingereza na Ujerumani Magharibi, katika kazi ya mwaka 2007 iliyowekwa kwenye jengo tupu karibu na Wembley. Mgeni aliingia katika ukumbi mweupe usio na kitu na kukutana na kelele za uwanja mzima. Kelele hizo hazikuwa za Waingereza. Pfeiffer aliwakusanya watu wapatao 1,000 mjini Manila, akawaonyesha mechi, wakashangilia na kuimba kwa niaba ya umati wa miaka 40 nyuma. Huko Miami, Kinshasa na Manila aliwaondoa wachezaji akauacha umati. Hapa ameuondoa hata umati wenyewe, akaweka walioajiriwa kushangilia ushindi usiowahusu. Nani kati yetu hajawahi kupaza sauti kwa ajili ya timu ya nchi asiyowahi kuikanyaga?

Mpira wa kikapu umewapa wasanii wa Marekani chakula kingi kuliko soka, na hapo David Hammons ndiye mwalimu. Mwaka 1986 alisimamisha katika bustani ya Cadman Plaza huko Brooklyn nguzo zilizovikwa maelfu ya vifuniko vya chupa vilivyopangwa kama ushanga, na kileleni pa kila nguzo akaweka ubao na kikapu. Kikapu cha kawaida kiko mita 3.05 kutoka chini. Vya Hammons vilikuwa kati ya mita 6 na 9 hivi. Hakuna atakayefunga. Alieleza kwamba kazi ile ilikuwa dhidi ya mpira wa kikapu, au dhidi ya ndoto inayowafanya vijana Weusi waache vitabu wakiamini kwamba wote watapata mkataba. Hilo ndilo somo, na kama lingekuwa hilo tu ningeliita bango. Lakini nguzo zile ni nzuri. Zinang'aa, zinaita, zinakufanya utamani kuruka ingawa unajua. Hammons hakuidharau ndoto aliyokuwa akiionya.

Baadaye akafanya michoro kwa kudunda mpira uliopakwa vumbi la mtaa wa Harlem, New York, kwenye karatasi nyeupe, mara mamia, hadi karatasi ikawa kama wingu la kijivu. Mmojawapo aliupa jina Traveling na kuuegemeza kwenye sanduku la safari lililofichwa nyuma yake. Kwa wacheza kikapu neno hilo la Kiingereza ni kosa, kutembea na mpira bila kuudunda, na kwa wengine wote ni kusafiri tu. Mchezaji hayupo na mpira haupo, ila kila alama ya vumbi ni mdundo mmoja uliofanywa na mkono mmoja.

Jeff Koons alikuwa na njia tofauti, ya baridi zaidi. Mwaka 1985 aliweka mpira wa kikapu ndani ya tangi la kioo, ukaelea katikati kabisa ya maji, haupandi wala haushuki. Aliomba ushauri kwa wanasayansi, akiwamo mwanafizikia Richard Feynman, na siri yenyewe ni chumvi: nusu ya chini ni maji mazito ya chumvi, nusu ya juu ni maji safi, na mpira unakaa mpakani. Ninachokipenda zaidi katika kazi hii ni udhaifu wake. Maji hayo mawili huchanganyika polepole, mtikisiko na joto vikisaidia, na baada ya muda mpira huanza kuzama hadi watunzaji wa makumbusho waandae tangi upya. Kwa hiyo kilele kile kinachoonekana cha milele kina watumishi wake wanaokuja na ndoo.

Brian Jungen wa Kanada alipasua viatu vya Air Jordan na kuvishona upya kuwa vinyago vinavyofanana na vile vya wenyeji wa pwani ya kaskazini-magharibi ya Amerika, na akaishia kwenye vinyago 23, namba ya jezi ya Michael Jordan. Hank Willis Thomas alishona jezi za timu kuwa picha kubwa za ukutani, mojawapo ikifuata Guernica, mchoro maarufu wa Picasso. Ya Jungen naiona kali zaidi, kwa kuwa inamfanya mtazamaji ajiulize ni kipi kati ya viwili hivyo, kiatu au kinyago, kilichokuwa kikiabudiwa.

Wapo pia waliogusa sheria badala ya wachezaji. Gabriel Orozco mwaka 1998 alitengeneza meza ya tenisi ya watu wanne, na mahali pa wavu akaweka kidimbwi chenye yungiyungi. Maurizio Cattelan mwaka 1991 alitengeneza mpira wa meza mrefu unaochezwa na watu 22. Na Gustavo Artigas, mjini Tijuana, aliingiza timu mbili za soka za Meksiko na mbili za kikapu za Marekani katika ukumbi mmoja, zikacheza mechi zao kwa wakati mmoja bila kugongana sana. Maider López naye, mwaka 2010, alichora viwanja vya soka juu ya mashamba ya Uholanzi yenye mitaro ya maji, hata mitaro ikakata uwanja katikati. Wachezaji hawakulalamika, walianza kupanga mbinu za kuvuka. Hizi ni kazi za kufurahisha, na furaha yake huisha mapema kidogo kwangu, isipokuwa ile ya Tijuana, ambayo mpaka uliokuwa karibu uliipa uzito.

Matthew Barney aliwahi kuwa mchezaji wa mpira wa Kimarekani kabla ya kuwa msanii, na tangu 1987 amekuwa akichora huku amefungwa kwa kamba za mpira au akipanda miinuko, kwa kanuni aliyoichukua mazoezini kwamba msuli hukua kwa kupingwa. Kazi zake nyingi ni nzito kuliko uvumilivu wangu. Lakini mwaka 2023 alionyesha Secondary, video ya skrini tano inayorudi kwenye tarehe 12 Agosti 1978, wakati Jack Tatum alipomgonga Darryl Stingley katika mechi ya maandalizi, na Stingley akapooza maisha yake yote. Televisheni ililirudia pigo lile mara nyingi. Barney, aliyekuwa mtoto wakati huo, halirudii kama lilivyotokea. Nafasi za wachezaji wale amewapa watu wengi wao wa makamo, baadhi yao wacheza ngoma, wanaosogea taratibu, na mwili unagusa mwili kwa uangalifu unaotia hofu kuliko kishindo.

Na ipo sanamu moja ya kumbukumbu inayonifanya nisizikatae sanamu zote moja kwa moja. Katika chuo kikuu cha San José, California, tangu mwaka 2005 imesimama kazi ya msanii Rigo 23 inayowaonyesha wanariadha Weusi wa Marekani Tommie Smith na John Carlos wakipinga ubaguzi wa rangi kwenye jukwaa la washindi wa mita 200 huko Mexico City, tarehe 16 Oktoba 1968, vichwa vimeinama na ngumi zenye glavu nyeusi ziko juu. Ngazi ya mshindi wa pili haina mtu. Peter Norman wa Australia, aliyeshinda medali ya fedha siku ile na kuwaunga mkono wenzake, aliomba asichongwe, ili atakayefika hapo apande na kusimama mahali pake. Katika picha nilizoziona za watu waliopanda, karibu wote wameinua ngumi. Norman hakuinua, alivaa beji kifuani kama ya wenzake, akatazama mbele, mikono yake ikiwa imeteremka.